Sayyid Barghash na Kazi Ndogo Ndogo

Jamani wenzangu, hapa Bawshar kikundi chetu kina mradi wa kupima maji ya falaji, na programu ya kupangia kazi tunayo. Juu tuliandika Mradi, chini tupu. Wiki tatu kila mtu anamngoja mwenziwe! Ndipo nikamkumbuka Sayyid Barghash bin Said.

Mwaka 1859 alitaka kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay. Akatawala Zanzibar 1870, mji ndio kwanza umetoka kwenye kipindupindu. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Mwaka 1873, Waingereza wakimtishia kwa manowari, akafunga soko la watumwa.

Mimi nampendea maji. Kuleta maji mjini ni kazi moja kwa jina tu: kuna chemchemi, kuna mabomba ya kutoka huko shamba, kuna bomba la mtaani, na kila moja ina vijikazi vyake. Kikikosekana kimoja, watu wanarudi kisimani. Yeye aliyafikisha, tena bure. Watu wanasifu Beit al-Ajaib ya 1883. Kwangu maji ni zaidi.

Ila waliochimba na kubeba hawatajwi, jina limebaki lake tu. Na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakaigawa bara, yeye wakamwachia ukanda wa pwani wa maili 10. Akafariki 1888.

Basi jana usiku tumeuvunja mradi wetu vipande, kila kijikazi na jina la mwenyewe. Changu ni kupima kina cha falaji, mwisho Jumatano.