Küntscher: Daktari aliyetia msumari ndani ya mfupa wa paja

KABLA ya mwaka 1939, aliyevunjika mfupa wa paja alikuwa na safari ndefu ya mateso. Alilazwa wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa vyuma vya uzito, na wengi waliinuka wakiwa na mguu mmoja mfupi, wakabaki kuchechemea maisha yao yote.

Chanzo cha balaa hilo ni misuli ya paja. Ina nguvu kubwa, na mfupa ukivunjika huvivuta vipande vikapandana, mguu ukapungua urefu.

Aliyebadili hali hiyo ni Gerhard Küntscher, daktari wa upasuaji wa Ujerumani aliyezaliwa Desemba 6, 1900 mjini Zwickau. Baada ya masomo ya udaktari, mwaka 1930 alianza kazi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kiel.

Wakati huo, msumari uliobuniwa na Smith-Petersen wa Marekani ulikuwa tayari ukitumika kuunga shingo ya mfupa wa paja. Küntscher alijiuliza kwa nini msumari mrefu zaidi usipitishwe ndani ya uwazi wa uboho, kutoka nyongani kuelekea gotini. Kwa msaada wa fundi Ernst Pohl, alitengeneza msumari huo, na Novemba 1939 akamtia mgonjwa wa kwanza.

Machi 1940 aliwaeleza madaktari wenzake mjini Berlin. Hakushangiliwa. Wengi waliona kuingilia uboho ni hatari isiyo na sababu.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomtangaza. Akiwa daktari wa jeshi la Ujerumani huko Finland, aliwafundisha wapasuaji wa nchi hiyo. Wafungwa wa kivita waliporejea makwao, madaktari wa Uingereza na Marekani walipigwa na butwaa kuona katika picha za eksirei fimbo ya chuma ndani ya paja.

Hata hivyo, msumari huo ulikuwa na udhaifu. Mfupa uliovunjika vipande vingi uliweza kuteleza juu ya chuma na kufupika, au kujizungusha. Ndiyo maana mpasuaji hulazimika kupima urefu kabla hajamaliza kazi, akilinganisha na mguu mzima, iwe kwa rula chini ya eksirei au kwa kupima toka ncha ya nyonga hadi kifundo cha ndani cha mguu. Tofauti ikizidi sentimita 2, wagonjwa wengi huchechemea.

Küntscher mwenyewe alitafuta dawa ya kasoro hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa kuufunga msumari kwa skrubu. Wapasuaji wengine waliukamilisha miaka ya 1970, na tangu hapo urefu uliopimwa mezani uliweza kudumu hadi mfupa uunge.

Kuanzia mwaka 1957 hadi 1965 aliongoza Hospitali ya Bandari mjini Hamburg. Hakuoa. Alifariki dunia Desemba 1972 akiwa na umri wa miaka 72, mezani pake, akiandaa toleo jipya la kitabu chake.

Urithi wake umefika hadi Dar es Salaam. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), majeruhi wa ajali za barabarani wamekuwa wakitiwa misumari ya shirika la SIGN la Marekani, ambayo hufungwa kwa skrubu bila kutegemea eksirei chumba cha upasuaji.