Mzee Kleist Sykes: Yatima Aliyejenga Vyama

Ndugu wana-Ufipa, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kabla ya kuwaomba mchango wa mwaka huu, tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa Mfipa, wala sisi hatuna udugu naye wa damu. Tunamleta kwa sababu kazi aliyoifanya ndiyo kazi ya chama chetu.

Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Mjerumani Hermann von Wissmann. Kleist alikuwa bado mdogo baba yake alipokufa maji katika Mto Ruaha, akitoka vitani Uhehe. Nchi hii haikuwa na ukoo wao wa kumpokea mtoto. Aliyempokea ni Affande Plantan, askari mwenzake marehemu, ambaye naye alikuwa Mzulu. Akamlea kama mwanawe na kumsomesha. Hivyo Kleist alijua tangu utotoni kwamba mtu aliye mbali na kwao huishi kwa kushikwa mkono na wenzake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alipigana upande wa Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck. Baada ya vita Waingereza walichukua nchi, naye akaanza upya: akajifunza Kiingereza na kupata kazi ya ukarani katika reli.

Mwaka 1924 Dk. Kwegyir Aggrey, msomi kutoka nchi inayoitwa leo Ghana, alifika Dar es Salaam na tume iliyochunguza elimu ya Waafrika. Kleist alikutana naye, na Aggrey akamshauri Waafrika waunde umoja wao. Ushauri huo haukuzaa tunda siku ile ile. Ilipita miaka mitano hadi African Association ilipoanzishwa mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, Mkristo. Katibu alikuwa Kleist, Mwislamu. Wanachama walijenga ofisi yao Kariakoo kwa nguvu zao wenyewe.

Mwaka 1933 Kleist alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya. Chama hicho kilijenga shule ambayo watoto walisoma elimu ya dini na ya dunia pamoja. Kazi yake mwenyewe ilikuwa ile isiyoimbwa na mtu: kuandika barua, kuitisha mikutano, kutunza kumbukumbu.

Alifariki mwaka 1949, kabla hajaona matunda. Mwanawe Abdulwahid alishika uongozi baada yake. Chama kile kilikuwa kimekuwa TAA, na katika ofisi ile ile ya Kariakoo, tarehe 7 Julai 1954, ikazaliwa TANU.

Mambo haya hayakuwa ya kwetu tu. Wayahudi waliohamia New York kutoka Ulaya ya Mashariki, hasa kuanzia miaka ya 1880, waliunda vyama vya watu waliotoka mji mmoja, wakiviita landsmanshaft. Kila mwanachama alitoa ada yake. Kwa fedha hizo walimlipa daktari, wakamsaidia aliyelazwa asiweze kufanya kazi, na kununua viwanja vya makaburi ili asizikwe mtu kama asiye na kwao. Wengi walikuwa mafundi cherehani na wachuuzi, watu wa kipato kidogo.

Sisi nasi tunayajua haya. Mzee wa Ufipa hakulima ntumba peke yake. Majirani walikuja na majembe. Leo msiba ukitokea Dar es Salaam, kabla ya jioni fedha za kusafirisha mwili kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga zimekwisha kupatikana. Kwa hilo tunajivunia, na tusiliache.

Lakini tuseme kweli: tunachanga haraka kwa ajili ya marehemu, tunasitasita kwa ajili ya walio hai. Daftari la msiba hujaa siku moja. Daftari la bweni la wasichana hukaa miezi bila jina jipya. Wakati huo binti anatembea alfajiri katika baridi ya uwanda wetu, au anapanga chumba mjini bila mlezi, na baadhi yao hawafiki kidato cha nne.

Kleist alikuwa mtoto wa namna hiyo. Laiti Affande Plantan angengoja wengine waanze, pengine jina la Sykes lisingejulikana.

Tunaomba basi kila familia iandike jina lake mwaka huu, kwa kiasi inachokiweza. Mweka hazina atatoa stakabadhi kwa kila shilingi, na hesabu zitasomwa mbele ya wote katika mkutano mkuu. Mtoto wa mwenzako ni wako.