ABU RAIHAN AL-BIRUNI NA HISABU YA SATARANJI

Katika wanavyuoni ambao vijana wetu hawana budi kuwajua ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Mungu amrehemu. Alizaliwa Khawarizmi, katika Asia ya Kati, mwaka 362 wa Hijra (973). Hakuwa ametimia miaka thelathini alipotunga, huko Gurgan, kitabu chake Al-Athar al-Baqiya, juu ya tarehe za mataifa.

Ndani yake mna mas'ala ya ubao wa sataranji wenye nyumba 64. Nyumba ya kwanza yatiwa punje moja, ya pili mbili, ya tatu nne, na kila nyumba maradufu ya iliyotangulia. Jumla yake ni ngapi? (Hukumu ya mchezo wenyewe ina mahali pake, si hapa.)

Mwingine angejumlisha nyumba moja moja mpaka achoke. Al-Biruni alitazama tabia ya hisabu yenyewe. Nyumba ya tatu ina 4. Nne mara nne ni 16, nayo ndiyo nyumba ya tano. Kumi na sita mara 16 ni 256, nyumba ya tisa. Vivyo hivyo twafika nyumba ya 17, yenye 65,536, na ya 33, yenye 4,294,967,296. Hii nayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa nyumba ya 65, isiyokuwako ubaoni. Na kwa kuwa nyumba zote zilizotangulia, zikijumlishwa, hupungua moja tu kwa ile inayofuata (1 na 2 na 4 ni 7, na nyumba ya nne ni 8), ondoa moja ulipate jawabu: 18,446,744,073,709,551,615.

Hisabu hii akaiandika kwa njia tatu: kwa tarakimu za Kihindi, kwa hisabu ya sitini ya wanafalaki, na kwa herufi za abjad. Hapa twawaomba ndugu zetu wasimame kidogo. Abjad hii ndiyo ile ambayo kwetu mtu huhesabiwa jina lake na la mamake, akaambiwa nyota yake, akatoa pesa. Kwa Al-Biruni alifu ni moja na be ni mbili, basi. Mnakili akikosea tarakimu, herufi zitamsuta. Siri nyingine haimo. Wala hakusema hivyo kwa ujinga wa unajimu, kwani mwaka 1029 aliutungia kitabu cha kuufundisha, na hukumu zake akazitilia shaka.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud alimchukua Ghazna. Huko akajifunza Kisanskriti, akaandika habari za Bara Hindi, na kabla ya hapo, mwaka 1025, akakamilisha kitabu cha kupima masafa ya miji ili kibla kijulikane kwa hisabu.

Yasimuliwa kuwa alipokuwa katika sakarati alizuriwa na fakihi mmoja, naye akamuuliza mas'ala ya mirathi ya mabibi wa upande wa mama. Fakihi akamhurumia, akaona si wakati wake. Al-Biruni akamjibu kuwa ni kheri aiage dunia hali ayajua kuliko kuiaga hali hayajui. Basi akaelezwa, akayarejea mpaka akayahifadhi. Fakihi akatoka, na angali njiani akasikia kilio nyumbani mle.