Picha ya Mvita Kabla ya Ngome

Ukutani kwangu hapa Baba Dogo pana nakala ya picha ya zamani ya Mombasa. Kila mgeni kutoka nyumbani akiitazama huuliza swali lile lile: Ngomeni ni wapi? Humjibu kwamba Ngome ilikuwa haijajengwa. Picha hii ilitoka mwaka 1572, nao Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Ilitoka katika karakana ya Frans Hogenberg, mtu ambaye hakuwahi kufika pwani yetu.

Hogenberg alizaliwa yapata mwaka 1535 huko Mechelen, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Babake, Nicolas, alikuwa mchongaji wa picha za kuchapisha, na nduguye Remigius akaishika kazi hiyo hiyo. Ilikuwa kazi ya kurithishana, kama nakshi za milango kwetu Lamu.

Fundi huchukua bamba la shaba akalichora kwa ncha kali ya chuma, kila kitu kinyume, kulia kuwa kushoto. Hupaka wino, hupangusa uso wa bamba, wino ukabaki ndani ya mistari tu. Kisha karatasi yenye unyevu hushindiliwa juu yake kwa mtambo mzito. Msomaji, ukitaka kuijua kazi hiyo, papasa noti ya shilingi 1000: ule mkwaruzo unaousikia kidoleni unatokana na njia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi noti zetu zilichapwa jirani yangu hapa Ruaraka, katika kiwanda cha De La Rue, hadi kazi iliposimama mwaka 2023.

Hogenberg alifanya kazi Antwerp, akamchongea Abraham Ortelius ramani nyingi za kitabu chake maarufu cha mwaka 1570. Lakini alikuwa Mprotestanti, na nchi ilikuwa chini ya Mfalme Philip II wa Hispania. Mwaka 1568 Alba, jemadari wa mfalme huyo, alimfukuza mjini. Akapitia Uingereza, kisha akahamia Cologne, Ujerumani.

Huko uhamishoni ndiko alikofanya kazi iliyompa jina. Alishirikiana na Georg Braun, kasisi Mkatoliki, kutoa kitabu cha picha za miji ya dunia. Braun alisimamia maandishi, Hogenberg mabamba. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1572, na mwishowe zikafika sita. Katika juzuu hiyo ya kwanza pana ukurasa wenye bandari nne: Aden, Mombasa, Kilwa iliyoandikwa Quiloa, na Sofala.

Miji yetu imo humo, imesimama kando ya bahari. Kisichoonekana ni yaliyoifika. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa, kisha wakaipora na kuichoma Mombasa. Mwaka 1528 wakairudia Mombasa. Hayo yote yalitokea kabla ya bamba kuchongwa, na hayamo.

Si kwamba Hogenberg hakujua kuchonga msiba. Askari wa Hispania walipoipora Antwerp mwaka 1576, alichapisha picha za mauaji na moto, watu wakazisoma kama gazeti. Msiba wa Antwerp ulikuwa wake. Wa Mvita ulimfikia kama umbo la mji tu, kupitia mikono ya wengine.

Alifariki Cologne mwaka 1590. Philip II, ambaye jemadari wake alimfukuza Hogenberg kwao, alikuwa tayari amekuwa mfalme wa Ureno pia mwaka 1580. Ni kwa amri yake Fort Jesus ikajengwa. Mfukuzwa alituachia sura ya mji, na mfalme aliyemfukuza akatuachia ngome. Wote wawili hawakutujua.

Nayasema haya kwa sababu picha iliyochapwa hukaa kuliko jengo. Noti zetu za sasa zote zina jengo la KICC, na tangu mwaka 2024 kandarasi ya kuzichapa iko kwa kampuni ya Kijerumani. Je, Gede? Je, Takwa na Jumba la Mtwana? Nyumba za Mji wa Kale zinazobomoka mmoja baada ya mwingine wetu akipita, nani anazichonga?

Vijana wetu wanaojifunza kuchapa picha, Nairobi na pwani, hawahitaji mtambo mkubwa. Kipande cha ubao, patasi na wino vyatosha kuanza. Nao wana alichokosa Hogenberg: wanajua ukuta upi ulianguka, na nani alikuwa akilala nyuma yake.

Nafasi ukutani kwangu ipo, kando ya ile ya 1572. Nangoja siku mgeni atakapoitazama picha ya pili, asiulize Ngomeni ni wapi, bali aseme hapa ndipo kwa bibi yangu.