Stanley wa filamu si yule aliyepita Irumu

Mwaka 1939 Hollywood ilimpa Spencer Tracy nafasi ya Henry Morton Stanley katika filamu Stanley and Livingstone. Tracy, Mmarekani wa Milwaukee, alikuwa ametoka kushinda Oscar kwa kuigiza padri. Watazamaji wakapewa Stanley mwenye sura ya padri.

Stanley halisi hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, kwa jina la John Rowlands, akakulia katika nyumba ya maskini. Alifika Marekani mwaka 1859, na huko ndiko alikochukua jina jipya. Mwaka 1871 akiwa mwandishi wa habari alimkuta Livingstone Ujiji.

Filamu inamaliza shujaa akirudi Afrika kuendeleza kazi ya mmisionari huyo. Kweli alirudi. Tangu 1879 alimtumikia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, akifungua barabara na kuwatia machifu mikatabani. Wakongo walimwita Bula Matari, mvunja mawe, jina ambalo baadaye wakaaji waliita serikali yote ya kikoloni.

Desemba 1887, akimtafuta Emin Pasha, alitoka katika msitu wa Ituri akaingia nyanda za Irumu, wilaya hiyohiyo ya Gety. Watu wa chifu Mazamboni walimzuia. Alipigana nao, akachoma vijiji vyao, ndipo akashuka Ziwa Albert. Mwaka uliofuata walipatana.

Mazamboni hamo katika filamu. Stanley alikufa London mwaka 1904.