Mwana wa Mwuza Samaki Aliyefunza Simba kwa Upole

Kila nisomapo habari za Carl Hagenbeck hushindwa kuamua kama nimsifu au nimlaumu.

Bwana huyu alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1844. Baba yake alikuwa mwuza samaki. Mwaka wa 1848 wavuvi walinasa sili sita nyavuni, naye mzee akawatia katika mabeseni ya mbao na kuwatoza watu ada ya kuwatazama. Biashara ya wanyama ikaanzia hapo.

Carl aliikuza hata ikajulikana dunia nzima. Wanyama wengi walitoka Sudan. Misafara ilisafiri usiku kukwepa jua, ikielekea Bahari ya Shamu, pamoja na makundi ya mbuzi wa kukamuliwa ili ndama wa ndovu na twiga wapate maziwa. Mara nyingi mama zao walikuwa wameuawa. Ndovu hamwachi mtoto wake achukuliwe hivi hivi.

Siku hizo simba wa sarakasi alifunzwa kwa mijeledi na vyuma vya moto. Aliruka kwa kuogopa kuungua. Hagenbeck aliona kuwa huo ni ukatili usio na faida. Aliwachukua wanyama wangali wachanga, akawachunguza kama mwalimu achunguzavyo darasa jipya: huyu mkali mno, yule mzito, huyu msikivu. Wasiofaa waliondolewa. Waliosalia, simba pamoja na chui milia, walizoeshwa kukaa pamoja, kisha kila mmoja akafundishwa kiti chake. Akipanda, alipewa kipande cha nyama. Ni kazi ya miezi mingi, wala haimfai mtu mwenye hasira. Mwishowe simba watatu walifungwa hatamu wakavuta gari uwanjani, na watu wa Ulaya wakapigwa na butwaa.

Mwaka wa 1907 alifungua bustani huko Stellingen, karibu na Hamburg, ambapo simba walitenganishwa na watazamaji kwa handaki badala ya vyuma.

Kama yangekuwa hayo tu, ningemsifu bila kusita. Lakini tangu miaka ya 1870 Hagenbeck alionyesha watu pia: Wasami wa kaskazini ya Ulaya, Wanubi wa Sudan na wengineo. Umma ulilipa kiingilio kuwatazama wakipika na kulea watoto wao. Mwaka wa 1880 wakala wake alileta Wainuit wanane kutoka Labrador, akiwemo Abraham Ulrikab, Mkristo aliyejua kusoma na kuandika na kupiga fidla. Hawakuchanjwa mapema. Kufikia Januari 1881 ndui ilikuwa imewamaliza wote wanane, watoto na wakubwa.

Mtu aliyemchunguza kila simba kwa tabia yake hakuwakagua wageni wake kama wamechanjwa! Alihuzunika, nasadiki, ila maonyesho ya watu yaliendelea. Alifariki tarehe 14 Aprili 1913. Abraham aliacha shajara aliyoiandika kwa lugha yake. Ile ya asili imepotea. Iliyobaki ni tafsiri ya Kijerumani.