General China: Soja wa Burma aliyewarudishia Wazungu vita walivyomfunza

Kama wewe ni msee wa Eastlands, Burma unaijua. Ni pale Jogoo Road, karibu na City Stadium, mahali watu huenda kupiga nyama na supu hadi jasho litoke. Lakini uliza mbogi yote iliyokaa kwa meza Burma ni nini, wengi watakuambia ni jina tu la soko.

Si jina tu. Burma ni nchi huko Asia ambako vijana wa Kenya walipelekwa kumpigania Mfalme wa Uingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Wengine walibaki huko huko. Waliorudi wakaja na jina la hiyo nchi mtaani, na likaganda.

Mmoja wa waliorudi aliitwa Waruhiu Itote. Labda hilo jina halikuambii kitu. Basi jaribu hili lingine: General China.

Kijana wa mboga

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 huko Kaheti, Mukurwe-ini, Nyeri. Mwaka wa 1939 akaacha ushago, akaja Nairobi kuhustle kama vijana wengine wote. Akiwa na marafiki zake akajaribu biashara ya mboga.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa noma kwa Mwafrika. Mitaa mizuri ilikuwa ya Wazungu, maduka makubwa yalikuwa ya Wahindi, na Mwafrika alisukumwa mashariki mwa mji, kwa nyumba za Pumwani, Shauri Moyo na Kariokor. Hata hilo jina Kariokor lenyewe ni la vita. Linatoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza, ambapo Waafrika wengi walikufa wakibeba mizigo ya jeshi. Halafu kulikuwa na kipande. Ukitembea bila hiyo karatasi, karao anakubeba.

Biashara ya mboga haikuenda mbali. Mnamo Januari 1942 Itote akaingia King's African Rifles, yaani KAR. Jeshini kulikuwa na mshahara, chakula na yunifomu. Kwa kijana wa miaka 20 asiye na kitu mfukoni, hiyo haikuwa deal mbaya.

Meli iliyozama na vijana wetu

Njia ya kwenda Burma ilianzia Mombasa. Masoja walipandishwa meli, wakavuka Bahari ya Hindi hadi Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Huko ndiko walifunzwa vita vya msituni kabla ya kusukumwa mbele.

Si wote walifika. Februari 1944 meli inayoitwa Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo. Ilibeba watu zaidi ya 1,500, wengi wao masoja wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na manesi na mabaharia. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Waliokuwa chini hata hawakupata nafasi ya kupanda juu.

Kilichofuata ndicho kinauma zaidi. Nyambizi ilijificha chini ya maji, pale pale walipokuwa wakielea watu walionusurika. Meli za kivita za Uingereza zikaona kwamba isipomalizwa, itazamisha meli zingine za msafara. Mabomu yakarushwa majini wakati watu bado wanaogelea. Jumla ya waliokufa siku hiyo ni 1,297.

Itote hakuwa ndani ya hiyo meli, lakini bahari ilikuwa ile ile na vita vilikuwa vile vile. Majina ya masoja wetu waliozama yamechongwa kwa makaburi ya vita ya Ngong Road, hapa hapa Nairobi. Ni matatu mbili tu kutoka Eastlands.

Bonde la mauti

Masoja wa Afrika Mashariki walipangwa kwenye divisheni ya 11, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Katikati ya 1944 waliingia bonde la Kabaw, upande wa magharibi mwa Burma, kuwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Wanajeshi walilipa hilo bonde jina la bonde la mauti, na si kwa sababu ya risasi peke yake.

Ilikuwa msimu wa mvua. Barabara ziligeuka matope ya kufika magotini na magari yakakwama. Malaria, kuhara na homa zililaza watu kuliko bunduki. Chakula na risasi vilitoka angani. Ndege zilipita chini chini juu ya miti, zikaangusha magunia na masanduku. Mawingu yakifunga, hakuna ndege, na bila ndege ni njaa. Marubani nao walikuwa wanacheza na kifo kila siku, kwa sababu ile milima na mvua haikuwa inajua ndege ni ya nani.

Wasee wakasonga hivyo hivyo hadi Desemba 1944, walipochukua mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Hapo wahandisi wakajenga daraja la chuma la urefu wa zaidi ya futi 1,100, na jeshi kubwa likavuka kwenda kumaliza kazi.

Itote alipanda cheo hadi koplo. Alijifunza kutega adui njiani, kulala porini bila moto, kusoma nyayo, kugawanya watu katika vikundi vidogo na kuhakikisha chakula kinafika. Pia aligundua kitu ambacho hakuna sajini alimfunza: risasi ya Mjapani ilimuua Mzungu sawa na Mwafrika. Ule ukubwa wa Mzungu uliokuwa Nairobi haukuwepo kwa handaki.

Kwenye kitabu chake cha 1967 anasimulia vile soja mmoja Mzungu alimuuliza yeye Mwafrika anapigania nini hasa, na akakosa jibu la kumridhisha. Akiwa India alikutana na watu waliokuwa wakidai uhuru wao, na soja mweusi kutoka Marekani aliyemfungua macho. Aliondoka Kenya akitafuta mshahara. Alirudi akiwa na maswali.

Kurudi mtaani

Vita viliisha 1945. Masoja Wazungu waliotaka kulima Kenya walifunguliwa mpango wa kupewa mashamba kwenye ardhi nzuri ya nyanda za juu. Mwafrika aliyelala naye kwa matope ya Kabaw alirudishwa kwa maisha ya kipande na mitaa iliyojaa.

Itote akapata kazi ya kuchochea moto kwenye gari la moshi. Akajiunga na chama cha KAU na kundi la Forty, vijana wa Nairobi waliokuwa wamechoka kungoja. Wengi wao walikuwa masoja waliorudi kama yeye. Bildad Kaggia, aliyekuja kuwa mmoja wa wakali wa KAU tawi la Nairobi, pia alikuwa ametumikia jeshi la Mfalme. Hawa jamaa walikuwa wameona dunia. Kuwaambia wangoje hakungesaidia tena.

Mwaka wa 1950 Itote akala kiapo cha Mau Mau, kisha akaanza kuwalisha wengine. Agosti 1952, miezi miwili kabla ya serikali kutangaza hali ya hatari, akaingia msitu wa Mlima Kenya.

Mafunzo ya Mfalme

Huko ndiko Waruhiu alikuwa General China. Dedan Kimathi alikuwa upande wa Aberdare, China upande wa Mlima Kenya, akiwa na maelfu ya wapiganaji. Na alifanya nini? Kile kile alichofunzwa Burma. Vyeo, vikundi vidogo, mitego, na njia za siri za kuleta chakula, dawa na risasi. Tofauti ilikuwa moja: huku hakukuwa na ndege ya kuwaangushia chakula. Ndege zilizopita juu ya Mlima Kenya ziliangusha mabomu, na zilikuwa za lile jeshi alilolitumikia. Chakula na dawa vilitoka kwa wanawake wa vijijini na kwa watu wa mitaa ya Nairobi.

Tarehe 15 Januari 1954 alipigwa risasi kwenye mapambano, akajeruhiwa shingoni na kushikwa. Afisa wa polisi Ian Henderson alimhoji kwa saa 68. Februari 3 mahakama ya Nyeri ikamhukumu kunyongwa.

Hapa ndipo watu hubishana hadi leo. China alikubali kuwaandikia makamanda wenzake wazungumze na serikali, na Machi 4 hukumu ya kunyongwa ikaondolewa. Wengine wanasema aliwauza wenzake ili aokoe shingo. Wengine wanasema alikuwa ameona vita vya kutosha kujua kwamba bila silaha na chakula, vijana wake wangeisha msituni. Kitu ambacho hakuna anayebisha ni hiki: mazungumzo yalivunjika Aprili, baada ya kikosi cha KAR kupambana na wapiganaji na kuwaua baadhi yao. KAR hiyo hiyo aliyoitumikia.

Tarehe 24 Aprili ikaja Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi wakaizingira Nairobi, na kichapo kikubwa kikawa Eastlands. Nyumba kwa nyumba, watu wakatolewa, wakapitishwa mbele ya magakunia waliofunika nyuso, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa vizuizini. Mtaa ndio uliolisha msitu, na mtaa ukalipa.

Maisha baada ya minyororo

China alifungwa Lokitaung, Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta, ambaye alimsaidia kusoma Kiingereza. Aliachiliwa mwaka wa 1962. Baada ya uhuru akawa naibu wa mkurugenzi wa NYS, iliyoanzishwa 1964. Bosi wake hapo alikuwa Geoffrey Griffin, yule mwanzilishi wa shule ya Starehe, ambaye wakati wa hali ya hatari alikuwa afisa wa KAR. Yaani watu wawili waliokuwa pande mbili za vita wakakaa ofisi moja kulea vijana wa Kenya. Alistaafu 1984.

Alifariki 1993. Wakati huo sheria ya mkoloni iliyopiga Mau Mau marufuku ilikuwa bado hai, na ilifutwa tu mwaka wa 2003. Kwa hivyo koplo wa Mfalme, jenerali wa msitu na ofisa wa serikali huru ya Kenya alizikwa kundi lake likiwa bado haramu kisheria.

Vijana wa Khedive Ismail wana ukuta wenye majina yao Ngong Road. Waliorudi kutoka Burma wana soko la nyama Jogoo Road. Na waliobebwa kwenye Anvil kutoka Bahati, Pumwani na Ziwani? Hao wako kwa kumbukumbu za cucu na guka. Kama wako bado yuko, mwulize mapema.